Nyimbo za Kiswahili zinazoanza na herufi R: mbona chache hivi, na zinapatikanaje?

#1 Kijana wa Mwaloni
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi ijayo kuna sendofu hapa Ilemela, Mwanza, na kutakuwa na mchezo wa meza kwa meza. Kila meza imepewa herufi moja, inatakiwa ilete nyimbo 10 za Kiswahili ambazo jina la wimbo linaanza na herufi hiyo. Meza yetu imepewa R, kwa heshima ya Rock City yetu. Masharti ni haya: jina liwe la wimbo, si la msanii wala bendi. Aina yoyote ya muziki ruksa, na jina la mtu linahesabika. Wimbo lazima uwepo kwenye flashi, MC ataupiga sekunde 30. Ukitaja usio nao, pointi imekwenda.

Mpaka sasa tuna hizi:
Rangi ya Chungwa – Tabora Jazz
Rosa – Western Jazz
Roho Yangu – Rayvanny

Basi. Meza ya N wameshajaza karatasi mbele na nyuma. Naomba msaada wa mambo mawili: mbinu ya kuzitafuta, na kama kuna anayejua kwa nini R ni ngumu namna hii.

#2 Dagaa Kavu
Fungua YouTube, andika R, zitashuka zenyewe.

#3 Mnyanyembe
Marekebisho kabla hatujaenda mbali. Rangi ya Chungwa ni ya Nyanyembe Jazz. Tabora Jazz ni bendi nyingine, wote walikuwa mji mmoja wa Tabora ndiyo maana watu huwachanganya. Tabora Jazz ndio wenye Dada Asha. Ukimwambia MC "Tabora Jazz" na meza ya pili ikawa na mtu wa Unyamwezini, mtapigwa pingamizi.

#4 Binti Sengerema
Na Roho Yangu ni ya Rich Mavoko, si Rayvanny. Badilisha mapema.

#5 Kijana wa Mwaloni
Asanteni, nimebadilisha zote mbili.

@Dagaa Kavu nimejaribu. Ukiandika R inakuletea Rayvanny, Roma, Ruby, Rose Muhando. Wasanii watupu.

#6 Flashi Makoroboi
Hapo ndipo penye tatizo lenyewe, mkuu. Mitambo mingi ya kutafutia haipangi kwa herufi ya kwanza ya jina la wimbo, inapanga kwa kinachopendwa. R peke yake haiiambii chochote.

Kwenye mafaili ni hivyo hivyo. Angalia jina la kawaida la faili linalotembea kwenye flashi za mjini:

Rayvanny_ft_Diamond_Platnumz_-_Mwanza.mp3

Kioo kidogo cha redio ya gari kinaonyesha "Rayvanny_ft_Di" halafu kinakata. Kwa macho hiyo ni R, lakini wimbo ni M. Na kinyume chake: Raha ya Zuchu imejificha kwenye Z. Ukipanga flashi kwa jina la faili unapata R za uongo nyingi na R za kweli zinakupita.

Fanya hivi kwenye kompyuta:

1. Nakili mafaili kama 20 kwenye folda ya majaribio. Usianze na flashi nzima.
2. Fungua folda hiyo kwa programu ya Mp3tag. Chagua yote kwa Ctrl+A.
3. Nenda kwenye sehemu ya kugeuza jina la faili kuwa taarifa za ndani, yaani msanii (artist) na jina la wimbo (title) (Alt+2). Andika mpangilio: %artist% - %title%
4. Itazame mistari michache ya mfano inayokuonyesha kabla hujakubali. Kama faili lina mistari ya chini badala ya nafasi, mpangilio lazima uandikwe vilevile: %artist%_-_%title%. Nukta moja ikitofautiana, haishiki.
5. Kubali, kisha bonyeza juu ya safu ya jina la wimbo. Itajipanga A mpaka Z, na R zako zitakaa pamoja.

Kinachoharibu mara nyingi ni mafaili yanayoanza na "Audio", "New" au anwani ya tovuti. Hayo yote yatarundikana kwenye A, N na W. Yafute maneno hayo kwanza. Na yale yenye namba mbele, mfano "01", "02", yataangukia juu kabisa kabla ya A, watu huyasahau huko.

#7 Kamanga Feri
Kwa asiye na Mp3tag, kwenye dirisha jeusi la Windows (Command Prompt) ingia kwenye flashi uandike:

dir /b /s r*.mp3 > orodha.txt

Utapata orodha nzima kwenye faili moja, hata zilizo ndani ya folda za ndani.

#8 Flashi Makoroboi
@Kamanga Feri amri ni sahihi lakini inasoma jina la faili, kwa hiyo itamletea wale wale akina Rayvanny. Inafaa baada ya hatua ya 5, ukishayageuza majina yaanze na wimbo. Ukitaka kuokota zote kabla ya hapo, tumia hii:

dir /b /s "*- r*.mp3"

Inaokota kila faili ambalo baada ya kistari na nafasi kuna R. Kwa yenye mistari ya chini weka "*-_r*.mp3".

#9 Mwalimu wa Ngudu
Naomba niligeukie swali la pili la mleta mada, maana ukijua sababu unajua pia pa kutafuta.

Kiswahili huanza maneno yake kwa viambishi. Majina ya nyimbo zetu mengi ni kitenzi chenye mtu ndani yake au ni nomino ya ngeli. Kitenzi "rudi" kipo kwenye R ya kamusi, lakini kwenye wimbo kinatoka kama narudi, nirudie, urudi, sirudi, tumerudi. Kila kimoja kimekimbilia herufi nyingine: N, N, U, S, T. Sifa "-refu" haiwezi kusimama peke yake: mrefu, warefu, kirefu, marefu. Masafa Marefu ya Tancut Almasi ina R ndani lakini mlangoni ina M. Na mbaya zaidi, kwenye ngeli ya N hiyo R inayeyuka kabisa, inakuwa "ndefu". Kipenda Roho ya Remmy Ongala, neno zito ni roho, lakini mbele kuna K.

Kwa hiyo R inabaki mlangoni sehemu nne tu:

Nomino zisizobeba kiambishi: rangi, roho, raha, rehema, riziki, ruhusa, radhi, redio. Hizi hazibadiliki hata kwa wingi.
Nomino ambazo umoja wake hauna kitu mbele: rafiki, rais. Wingi ukija tu, marafiki, umeshapoteza.
Majina ya watu: Rosa, Rehema, Rukia, Regina, Rebeka, Rashidi, Rajabu.
Amri: rudi, rejea, ruka, ridhika. Nyimbo za kubembeleza mpenzi zimejaa amri, tafuta hapo.

Chukua kamusi, fungua R, andika maneno ya makundi hayo ambayo mwimbaji angeyapenda. Hayazidi ukurasa mmoja wa daftari. Kisha tafuta neno moja moja: "wimbo riziki", "wimbo ruhusa". Ni kazi ya saa moja.

#10 Binti Sengerema
Mwalimu umeshusha nondo. Lakini mimi naona sababu ni fupi zaidi: R ni herufi ya maneno ya kukopa. Rafiki, roho, raha, riziki, rehema, ruhusa, hata hiyo rudi, yote yametoka Kiarabu. Redio kwa Wazungu. Kibantu chenyewe hakina R.

#11 Mwalimu wa Ngudu
@Binti Sengerema kwamba mengi ni ya kukopa, sina ubishi. Kwamba Kibantu hakina R katika Kiswahili, hapana. Ruka ni ya kwetu, -refu ni ya kwetu. Tofauti ni kwamba ya kwetu yanavaa viambishi na ya kukopa hayavai, ndiyo maana mlangoni unaona ya kukopa tu. Hoja yako inaingia ndani ya yangu.

#12 Binti Sengerema
Au yako inaingia ndani ya yangu. Kama yasingekopwa, R isingekuwa na wimbo hata mmoja.

#13 Nansio
Nyote mmesahau tupo Kanda ya Ziwa. Hapa R na L hubadilishana ulimini, na anayeandika jina la faili anaandika anavyotamka. Tafuta "Loho Yangu", tafuta "Langi ya Chungwa", utashangaa kinachotoka. Sehemu ya R zenu zimekaa kwenye L.

Na tahadhari upande wa pili: ukikuta faili "Rakini" usishangilie, hiyo ni lakini. MC ataikataa.

#14 Dagaa Kavu
@Nansio watu wa Ukerewe mmeanza kujitetea mapema 😄 Kwa hiyo lambilambi ni L au R?

#15 Nansio
Ni rambirambi, mkuu, na ukija kisiwani tutakupa chakula cha mchana kwanza ndipo tusahihishane.

#16 Mzee wa Santuri
Salaam kwenu.

Mnahesabu herufi kana kwamba jina la wimbo ni kitu kimoja kisichobadilika. Nyimbo nyingi za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania na wananchi walizipata kwa kurekodi redioni kwenye kaseti. Hapakuwa na lebo. Mwenye kaseti aliandika kwa kalamu kile alichokisikia: mara kiitikio, mara mstari wa kwanza, mara jina la mwanamke anayeimbwa. Wimbo mmoja ukawa na majina matatu mitaani.

Mfano wa huku kwetu ziwani: ule wa Saida Karoli. Uliza watu kumi, wengi watakwambia "Chambua Kama Karanga". Jina lake ni Maria Salome. Ukifuata watu ni C, ukifuata kazi yenyewe ni M.

Ndiyo maana R ni chache kwenye orodha zenu: hamtafuti nyimbo, mnatafuta lebo. Kaeni na maneno ya kiitikio, mtapata R ambazo mtu aliziandika kwa jina jingine.

#17 Kamanga Feri
Mzee shikamoo. Kwa hesabu hiyo Salome ya Diamond na Rayvanny nayo ni M?

#18 Mzee wa Santuri
Marahaba. Hapana. Hiyo ya 2016 ni kazi nyingine iliyojengwa juu ya ile ya Saida, imetolewa kwa jina la Salome. Hiyo ni S. Usichanganye wimbo na mjukuu wake.

#19 Flashi Makoroboi
Mfano mwingine ni huo huo nilioutaja juu. "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond, ile Basata (Baraza la Sanaa la Taifa) waliyoifungia Novemba 2018, watu huku wanaijua kama "Nyegezi" kwa sababu ndilo neno linalobaki masikioni. Jina rasmi ni M, la mtaani ni N. Hapa lazima muulize MC mapema anafuata lipi. Na kwa kuwa ilifungiwa, msiipeleke kwenye sherehe ya watu wazima na watoto.

#20 Binti Sengerema
Halafu kuna ile ya Remmy, Arusi ya Mwanza. Imeandikwa Arusi, bila H. Meza ya H wakiileta kama "Harusi ya Mwanza" wanakubaliwa?

#21 Mwalimu wa Ngudu
Maneno yote mawili yapo, harusi na arusi. Lakini jina la kazi ni jinsi mwenyewe alivyolitoa: Arusi. Ni A. Meza ya H watafute nyingine.

#22 Mzee wa Santuri
Na meza ya A wakiikosa hiyo mkiwa Mwanza, itakuwa aibu.

#23 Kijana wa Mwaloni
Wakuu nashukuru, daftari limeanza kujaa. Nimefanya njia ya Mwalimu na njia ya Flashi. Mp3tag imenikatalia mafaili karibu nusu: jina la wimbo limekuja tupu.

#24 Flashi Makoroboi
Hayo matupu ni yale ambayo kistari chake ni kirefu, siyo kile kifupi cha kwenye kibodi. Kwa macho vinafanana, kwa kompyuta ni vitu viwili. Chukua faili moja lililokataa, bonyeza F2, nakili kistari chenyewe kutoka kwenye jina, kibandike katikati ya mpangilio: %artist% – %title%. Rudia kwa kundi hilo tu.

Kama bado, angalia kama jina lina kistari zaidi ya kimoja, mfano msanii mwenye kistari ndani ya jina lake. Hapo programu inakata pasipo pake. Hayo rekebisha kwa mkono, huwa hayazidi machache.

#25 Kamanga Feri
Ukimaliza, nakili majina yote ya nyimbo uyaweke kwenye jedwali, safu A. Safu B andika:

=UPPER(LEFT(TRIM(A2),1))

Ivute mpaka chini. Sasa kila wimbo una herufi yake pembeni. TRIM usiiache: mafaili mengi yana nafasi mbele ya jina, na bila TRIM herufi ya kwanza inasomeka kuwa ni nafasi, wimbo unapotea. Halafu =COUNTIF(B:B,"R") inakupa idadi. Badilisha R uone N, uone K, uone M. Utajua mwenyewe ubishi wa Mwalimu na Binti Sengerema unaelekea wapi kwa flashi yako.

#26 Nansio
Kwa upande wa mtandaoni kuna njia nyepesi ambayo haijatajwa. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo R karibu kila mara hufuatwa na a, e, i, o au u. Huhitaji kuandika R, andika silabi: "wimbo ra", "wimbo re", "wimbo ri", "wimbo ro", "wimbo ru". Subiri mapendekezo yashuke, yasome bila kubonyeza, andika unayoyaona. Mara tano tu umeimaliza herufi nzima. Tumia dirisha la faragha, la sivyo itakupendekezea ulichosikiliza jana.

Silabi "ro" ndiyo yenye mavuno kwa sababu ya roho. "Ri" ni kame. Huko utakuta riziki na si mengi.

Meza ya N hawawezi kuitumia kirahisi hivyo. Wao wana na, ne, ni, no, nu, halafu nya, nda, nga, nja, nza na ng'a, kila moja na irabu zake. Kwa hiyo wingi wao una taabu yake.

#27 Dagaa Kavu
Hii ya silabi nimeijaribu sasa hivi, inafanya kazi. Naondoa maneno yangu ya #2.

#28 Mnyanyembe
Msisahau vitabu vya nyimbo za kanisani. Nyuma kuna faharasa ya mistari ya kwanza, imepangwa kwa herufi. Fungua R, zinakuja na namba zake. "Roho" huko ndiyo neno lenyewe. Ila ni mistari ya kwanza, si majina. Kwaya ikirekodi huweka jina lake. Muulizeni MC kama mstari wa kwanza unakubalika kwa nyimbo za kitabuni.

#29 Mwalimu wa Ngudu
Ushauri mzuri. Na unaleta hoja ya Mzee wa Santuri kwa mlango mwingine: mstari wa kwanza wa wimbo wa kitabuni mara nyingi ni wito au amri, na amri ndiyo inayoiacha R wazi.

#30 Binti Sengerema
Mwalimu, kama viambishi ndiyo sababu, kwa nini L nayo ni chache, na D pia? Hizo nazo zimefichwa na viambishi?

#31 Mwalimu wa Ngudu
Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. "Lia" inatoka kama nalia, nililia, usilie. "Lala" vilevile.

#32 Mzee wa Santuri
Basi tuseme tu kwamba waimbaji wetu wanapenda kujisemea wenyewe. Nime-, nina-, naku-, siku-. N na S zinajaa kwa sababu ya moyo wa mwimbaji, siyo kwa sababu ya ngeli.

#33 Mwalimu wa Ngudu
Mzee, "moyo wa mwimbaji" ukishasema kwa Kiswahili unakuwa kiambishi.

#34 Mzee wa Santuri
Na kiambishi bila moyo hakiimbiki, mwanangu.

#35 Kijana wa Mwaloni
Tuna 8 zenye mafaili tayari. Kamati wametuongezea herufi ya pili, O. Hapo ndipo nimeishiwa pumzi. Silabi ya Nansio haifai maana O ni irabu yenyewe.

#36 Nansio
O kwa Kiswahili ni kame kweli: oa, ona, omba, ogopa, nazo nyingi huvaa viambishi. Lakini vuka maji. Kihaya huweka irabu mbele ya nomino: omwana, abantu, ekintu. Kikerewe pia, ndiyo maana mtawala wa kwetu aliitwa Omukama. Nyimbo za asili za Bukoba na Ukerewe zina O, A na E za kutosha.

#37 Kamanga Feri
Na Rorya, kule Mara. Majina ya wanaume wa Kiluo: Otieno, Ochieng, Odhiambo, Onyango. Nyimbo za benga hupenda kuitwa kwa jina la mtu anayesifiwa.

#38 Binti Sengerema
Masharti yamesema nyimbo za Kiswahili. Omukama si Kiswahili.

#39 Nansio
Yamesema pia jina la mtu linahesabika. Otieno ni jina la mtu.

#40 Dagaa Kavu
Wimbo wa Kiluo wenye jina la mtu, je, ni wimbo wa Kiswahili?

#41 Kijana wa Mwaloni
Nimempigia MC. Amesema jina la mtu linakubalika ila kiitikio kiwe na Kiswahili walau mstari mmoja. Kuhusu Kihaya ataamua ukumbini baada ya kusikia. Mwenye Otieno au Odhiambo yoyote yenye mstari wa Kiswahili aiweke hapa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, flashi inakabidhiwa saa kumi na mbili.